Argwings-Kodhek: Wakili wa Gem aliyewasimamia waliokosa wa kuwasimamia

MAELFU ya watu hupita kila siku katika Barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Hurlingham jijini Nairobi, na huenda wengi wao hawajui mwenye jina hilo alikuwa nani. Huko Gem, upande wa Yala katika barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, jina hilo halihitaji maelezo. Wazee wa huko bado wanamkumbuka mwana wao aliyevaa joho la uwakili wakati ambapo Mwafrika alizoea kusimama kizimbani tu.

Clement Michael George Argwings-Kodhek anatambuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufuzu uwakili. Alifariki Januari 29, 1969, akiwa waziri katika serikali ya Rais Jomo Kenyatta. Zaidi ya nusu karne imepita tangu siku hiyo, lakini swali aliloishi nalo halijazeeka: mtu wa kawaida akishtakiwa, ampate wapi wakili, na atajuaje kesi yake inavyokwenda?

Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza. Eneo hilo lilitangulia kupokea elimu ya wamisionari, na lilitoa wasomi wengi kuliko ukubwa wake. Kijana huyo alipitia shule za misheni, akasoma katika chuo cha Makerere nchini Uganda, kisha akafanya kazi ya ualimu, kama walivyofanya wasomi wengi wa kizazi chake.

Mwaka 1947 alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa masomo. Inasimuliwa kwamba alitarajiwa kusomea elimu ya jamii, fani ambayo wakoloni waliiona kuwa inamfaa Mwafrika. Yeye akageukia sheria. Mwaka 1951 alikubaliwa kuwa wakili katika chama cha kale cha mawakili cha Lincoln's Inn, mjini London.

Uamuzi huo haukuwa jambo dogo. Serikali ya kikoloni iliwataka Waafrika wawe walimu, makarani, wasaidizi wa matabibu na wakufunzi wa kilimo. Mwanasheria alikuwa mtu wa kuogopwa, kwa sababu angeweza kuisoma sheria ya mkoloni na kumuuliza mkoloni maswali kwa kutumia sheria hiyo hiyo. Kenya haikuwa na chuo cha kuwafunza mawakili. Chuo cha Sheria cha Kenya kilianzishwa mwaka 1963, na kitivo cha sheria cha Nairobi kikafunguliwa mwaka 1970. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari.

Alirejea nyumbani akiwa na mke Mzungu kutoka Ireland, Mavis Tate. Nairobi ya wakati huo iligawanywa kwa rangi: Wazungu na vitongoji vyao, Wahindi na vyao, Waafrika na vyao. Ndoa ya Mwafrika na mwanamke Mzungu iliwakera walowezi wengi, na hata kupata mahali pa kuishi pamoja kulikuwa mtihani.

Mtihani wa pili ulikuwa wa kazi. Masimulizi ya maisha yake yanasema alipewa nafasi katika ofisi ya mwanasheria wa serikali, kwa mshahara uliokuwa sehemu tu ya ule aliolipwa Mzungu mwenye elimu sawa na yake. Jambo hilo halikumhusu yeye peke yake, kwa kuwa utumishi wa serikali ulikuwa na viwango vya mishahara vilivyofuata rangi ya ngozi. Argwings-Kodhek alikataa. Akaamua kufungua ofisi yake mwenyewe ya uwakili jijini Nairobi.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kupambana na vita vya Mau Mau. Viongozi wa chama cha KAU walikamatwa usiku huo, na baadaye Jomo Kenyatta na wenzake watano wakafunguliwa mashtaka huko Kapenguria. Miongoni mwao alikuwa Achieng' Oneko, mwana wa Nyanza.

Kesi ya Kapenguria iliwavutia mawakili mashuhuri. D.N. Pritt alitoka Uingereza, H.O. Davies akatoka Nigeria na Chaman Lall akatoka India. Wakaungana na A.R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh waliokuwa Nairobi. Pritt na wenzake walilazimika kulala Kitale na kusafiri kwenda Kapenguria kila siku, kwa kuwa katika makao hayo ya mbali hapakuwa na malazi kwao. Aprili 1953 washtakiwa wote sita walipatikana na hatia.

Lakini nyuma ya kesi hiyo moja iliyoandikwa na magazeti ya dunia nzima, palikuwa na mamia ya kesi ambazo hazikuandikwa na mtu. Washtakiwa walikuwa wakulima, vibarua, wachuuzi na vijana waliokamatwa kwenye misako. Wakili gani angetoka London kuja kumtetea kibarua wa Nyeri?

Sheria za hali ya hatari zilikuwa kali mno. Kupatikana na bunduki au risasi kinyume cha sheria kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Kusimamia kiapo, au kupatikana pamoja na watu wenye silaha, kulikuwa na hatari iyo hiyo. Mwaka 1953 serikali iliunda mahakama maalum za kuharakisha kesi hizo. Jaji alikaa na wazee wa baraza, lakini maoni ya wazee hao hayakumfunga. Kufikia mwisho wa vita, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, kwa mujibu wa rekodi za mahakama zilizochunguzwa na mwanahistoria David Anderson.

Kwa kuwa mashtaka yalikuwa ya kifo, serikali ililipa wakili wa kumtetea mshtakiwa asiye na fedha. Malipo yalikuwa madogo. Mara nyingi wakili alikutana na mteja wake siku chache tu kabla ya kesi, au hata siku yenyewe, na wakasemezana kupitia mkalimani. Mawakili waliokuwa tayari kuifanya kazi hiyo kwa moyo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wa asili ya Kihindi. Miongoni mwao alisimama Mwafrika mmoja, naye alikuwa Argwings-Kodhek. Punde si punde akajulikana kuwa wakili wa Mau Mau, jina ambalo kwa walowezi lilikuwa tusi na kwa familia za washtakiwa lilikuwa tumaini.

Hapa msomaji anafaa kukumbuka jambo moja. Argwings-Kodhek alikuwa Mjaluo, na wengi wa aliowatetea walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Serikali ya kikoloni ilifanya juhudi kubwa kuyatenganisha makabila hayo na Waluo. Mwishoni mwa mwaka 1953 diwani Ambrose Ofafa, kiongozi aliyeheshimiwa sana katika Muungano wa Waluo, aliuawa jijini Nairobi, na mauaji yake yakahusishwa na Mau Mau. Ukumbi wa Ofafa mjini Kisumu ulijengwa kwa kumbukumbu yake. Kwa Mjaluo kuendelea kuwasimamia washtakiwa wa Mau Mau baada ya msiba huo kulihitaji ujasiri wa aina mbili: wa kumkabili mkoloni, na wa kuwakabili jamaa waliouliza kwa nini anawatetea watu hao.

Jibu la wakili yeyote wa kweli linajulikana. Mshtakiwa si mkosaji hadi ithibitike, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Wakati wa hali ya hatari kanuni hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya, na kazi ya wakili ilikuwa kuishikilia isipeperuke.

Ushindi nao haukuwa na maana ile ile iliyo nayo leo. Achieng' Oneko alishinda rufaa yake mapema mwaka 1954 na hukumu ya Kapenguria dhidi yake ikafutwa. Hata hivyo, hakurudi nyumbani. Serikali iliendelea kumzuilia kwa amri ya kiutawala hadi mwaka 1961. Mwanasheria wa zama hizo alijua kwamba anaweza kushinda kesi mahakamani na bado mteja wake akabaki kizuizini.

Kule Nyanza hali ilikuwa na sura nyingine. Mwananchi wa Gem, Seme au Nyakach aliyekuwa na mzozo wa shamba, mahari au ng'ombe alikwenda kwenye mahakama za Waafrika zilizosimamiwa na wazee. Katika mahakama hizo sheria haikuruhusu mawakili kufika kuwatetea watu. Mwafrika wa kawaida aliweza kumaliza maisha yake bila kumwona wakili. Mfumo huo wa mahakama mbili, moja ya wenyeji na nyingine ya wengine, uliondolewa rasmi mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru.

Na habari za kesi zilifikaje kijijini? Zilifika kwa gazeti la Baraza, lililochapishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1939 na kusomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Zilifika pia kwa mdomo, zikibebwa na abiria wa garimoshi kutoka Nairobi hadi Kisumu, na kutoka hapo hadi Yala na Butere. Wakili Mwafrika alipotajwa katika habari hizo, watu walielewa kwamba mlango mmoja umefunguka.

Katikati ya miaka ya 1950 Argwings-Kodhek aliingia katika siasa. KAU ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1953, na ilipofika mwaka 1955 serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya wilaya pekee. Yeye alijaribu kuunda chama cha nchi nzima, akakinyimwa usajili. Akalazimika kupunguza jina na mipaka, na mwaka 1956 kikasajiliwa chama cha Nairobi District African Congress.

Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Nairobi ilishuhudia mpambano wa Waluo wawili: Argwings-Kodhek, wakili, na Tom Mboya, kijana wa chama cha wafanyakazi aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Oxford. Mboya alishinda kwa kura chache.

Wachambuzi wameeleza sababu nyingi za matokeo hayo, zikiwemo ufundi wa Mboya katika kupanga kampeni na nguvu ya vyama vya wafanyakazi. Lakini ipo sababu moja isiyopaswa kusahaulika. Kura haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alitakiwa kuwa na sifa za elimu, mali, mapato au utumishi, na wengine walipata kura mbili au tatu. Isitoshe, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Watu ambao wakili huyo aliwatetea mahakamani, pamoja na jamaa zao, ndio hasa waliofungiwa nje ya kituo cha kura. Alikuwa na deni la shukrani kwa watu wasioweza kumlipa.

Kushindwa huko hakukumwondoa jukwaani. Katika uchaguzi wa mwaka 1963 watu wa Gem walimpeleka Bungeni. Nyumbani waliyageuza majina yake matatu, C.M.G., kuwa Chiedo Mor Gem, jina la sifa linalomfananisha na samli ya Gem. Katika nchi ambako samli hutunzwa kwa ajili ya wageni wa heshima, jina hilo linaeleza lenyewe.

Mwaka 1966 ulimletea jaribio jingine. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais na kuunda chama cha KPU, na wengi katika Nyanza wakamfuata. Argwings-Kodhek alibaki KANU na kuendelea na kazi serikalini. Kufikia mwaka 1969 alikuwa waziri aliyesimamia mambo ya nchi za kigeni. Wako waliomlaumu kwa kutomfuata Jaramogi, na wako waliosema kwamba Nyanza ilihitaji mtu ndani ya Baraza la Mawaziri. Mjadala huo haujaisha hadi leo.

Usiku wa Januari 29, 1969, gari lake lilipata ajali katika Barabara ya Hurlingham, Nairobi, naye akafariki. Taarifa rasmi ilisema ilikuwa ajali ya barabarani. Baadhi ya jamaa na wanasiasa hawakuikubali, na dai kwamba aliuawa limeendelea kusemwa miaka yote hii. Hakuna mtu aliyewahi kupatikana na hatia ya mauaji kuhusiana na kifo hicho.

Mwaka huo ulikuwa mchungu kwa watu wa ziwani. Mwezi Mei uchaguzi mdogo wa Gem ulinyakuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU, ishara kwamba wapiga kura walikuwa wamekasirika. Julai 5, Mboya alipigwa risasi jijini Nairobi. Kesi yake ilifika mahakamani, na Nahashon Njenga Njoroge akahukumiwa kifo mwezi Septemba, ingawa wengi walibaki wakiuliza nani alimtuma. Oktoba 25, Rais Kenyatta alipofika Kisumu kufungua hospitali mpya ya Nyanza, vurugu zilizuka na walinzi wakafyatulia umati risasi. Watu wengi waliuawa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake, akiwemo Sijeyo, wakazuiliwa bila kufikishwa mahakamani.

Ndiyo maana kwa wakazi wa Kisumu habari ya wakili huyu si hadithi ya zamani tu. Mtu aliyetumia ujana wake kudai kwamba kila mshtakiwa asikizwe mahakamani alikufa kifo ambacho baadhi ya watu wake wanaona hakikusikizwa. Na aliyemfuata katika kiti cha Gem alipelekwa kizuizini bila hakimu wala wakili.

Je, hali ikoje leo? Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili na kuwakilishwa naye, na haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali iwapo bila hivyo haki ingepotoka kwa kiasi kikubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda taasisi ya kitaifa ya kusimamia huduma hiyo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji inakiuka Katiba. Adhabu za aina hiyo ndizo zilizowapeleka wateja wa Argwings-Kodhek kwenye kitanzi bila jaji kupima hali ya mtu.

Kisumu yenyewe sasa ina Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufaa pia huketi huko, kwa hivyo mwenye rufaa hahitaji tena kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Anayetafuta wakili anaweza kuangalia katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama mtu anayemwendea ana cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi ya uwakili. Ni hatua ndogo, lakini imewaokoa wengi kutoka mikononi mwa matapeli. Wanawake wasio na uwezo wamekuwa wakisaidiwa na chama cha mawakili wanawake, FIDA, chenye ofisi mjini Kisumu. Na anayefuatilia kesi anaweza kusoma maamuzi ya mahakama bila malipo katika mtandao wa Kenya Law, ambako hukumu huwekwa kwa jina la kesi na tarehe.

Milango hiyo imefunguka, ingawa si yote iliyo wazi sawasawa. Maamuzi mengi bado huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mvuvi wa Dunga au mkulima wa Ahero huenda asiielewe vyema inapokuwa ya kisheria. Ada za mawakili ni nzito kwa mwenye kipato kidogo. Msaada wa serikali haujawafikia wote wanaouhitaji, na wapo washtakiwa wanaosimama mbele ya hakimu wakiwa peke yao, wasijue waulize nini wala lini.

Kwa hao, maisha ya mwana huyo wa Gem yana funzo lililo wazi. Sheria nzuri iliyoandikwa haimfai mtu kitu kama hakuna aliye tayari kusimama kando yake na kuisema. Argwings-Kodhek aliacha mshahara wa serikali ili asimame hapo, wakati ambapo katika nchi nzima palikuwa na Mwafrika mmoja tu wa kufanya hivyo. Leo mawakili wa Kenya ni maelfu. Mvuvi wa Dunga bado anamhitaji mmoja wao, siku ile jina lake linapoitwa mahakamani.